Namna ya Kuchagua Huduma za Ustawi kwa Wafanyakazi

Waajiri wa Tanga, kuanzia mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza hadi maduka ya mjini, huuziwa huduma nyingi zinazoahidi afya na utulivu wa wafanyakazi: semina, ushauri nasaha, mazoezi na programu za simu. Baadhi zina manufaa. Nyingine humaliza fedha na kuliacha tatizo palepale. Kabla ya kulipa, tunawashauri mzingatie mambo manne.

Kwanza, tafuteni chanzo. Mfanyakazi wa chumba cha brashi, ambamo singa za mkonge husafishwa, huvuta vumbi kutwa nzima. Semina ya utulivu haitampunguzia kikohozi. Kinachomfaa ni mashine ya kufyonza vumbi, hewa ya kutosha na barakoa inayomkaa vyema. Msongo nao ni hivyo hivyo: miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inahimiza kurekebisha mazingira ya kazi yanayouleta.

Pili, timizeni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Anayenyimwa likizo hataponywa uchovu na programu ya simu.

Tatu, mhojini muuzaji. Nani atatoa huduma, na ana sifa gani? Inapatikana kwa Kiswahili? Asiye na simu janja ataipataje? Mafanikio yatapimwaje? Ombeni majaribio ya muda mfupi, kisha wasikilizeni wafanyakazi kabla ya kutia saini mkataba wa mwaka mzima.

Nne, lindeni siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mkataba utamke kwamba mwajiri hatapewa majina ya waliokwenda kwa mshauri. Mtu akihofu kwamba aliyoyasema faraghani yatafika ofisini, hatakwenda, na fedha zitakuwa zimepotea bure.

Ahadi zote ziwe katika maandishi, na stakabadhi zihifadhiwe. Mkiuziwa huduma kwa maelezo ya uongo, wasilisheni malalamiko Tume ya Ushindani. Hatari za kazini ziripotiwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.