Wodi ya Nyumbani: Maswali ya Familia Zenye Mgonjwa wa Akili

Mgonjwa wa akili wa Vihingo akilazwa hospitali, hulazwa siku chache. Miaka iliyobaki hulala kwao, na wauguzi wake ni mama, dada, mke, pengine mtoto ambaye angepaswa kuwa shuleni. Kata hii ya Kisarawe, kwenye upande unaoelekea Kibaha, hutegemea hospitali ya wilaya pale Kisarawe mjini, au ile ya rufaa ya mkoa, Tumbi, iliyoko Kibaha. Hali ikizidi, hupelekwa Muhimbili, na wachache hufika Mirembe ya Dodoma, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927. Kote huko daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache, kisha humrudisha kwa watu walewale waliomleta. Watu hao hawana mshahara wala zamu, na wengi hawajawahi kuelezwa ugonjwa wenyewe ni kitu gani.

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo ndugu wa wagonjwa huuliza kila mahali, barazani na kwenye foleni ya kliniki. Majibu yake yanashika msimamo mmoja: kumsaidia anayetunza ni sehemu ya tiba, na kunapaswa kupangiwa muda na fedha kama tiba nyingine yoyote.

Kijana ameanza kuongea peke yake na halali usiku. Aanzie zahanati au kwa mganga?

Kwanza aguswe, homa ipo au haipo? Katika ukanda wa Pwani, mtu aliyekuwa mzima juzi na leo anapayuka huku mwili unachemka huenda ana malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hapo kila saa ina thamani. Afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Sukari iliyoshuka au kupanda mno, pombe iliyoachwa ghafla na mlevi wa siku nyingi, au kujifungua wiki chache zilizopita, vyote vinaweza kuvuruga akili, na vyote vina tiba yake.

Pasipo homa, na hali ikiwa imejengeka kwa wiki au miezi, yaani kijana amejitenga, haogi, anashuku kwamba majirani wanamsema, huo ndio mwendo wa magonjwa kama skizofrenia. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, wakati ukoo mzima unamtazamia aanze kujitegemea. Kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Swali la mganga halifai kujibiwa kwa kebehi. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha watu waliokwenda kliniki za kawaida na waliokwenda kwa waganga. Kwenye kliniki, asilimia 24 walikutwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Kwa waganga, asilimia 48. Mganga basi anabeba mzigo mkubwa kuliko zahanati, na watu humwendea kwa sababu anawapa muda wa kusikilizwa. Madhara huja pale shamba la mikorosho linapouzwa kulipia uganga huku mgonjwa akikaa mwaka mzima bila dawa. Ukoo ukitaka dua au kupunga pepo, ufanye kliniki ikiwa imeshaanza, na pasiwe na mtu wa kumkatisha dawa, kumshindisha njaa au kumchapa.

Je, kuna kosa ambalo familia ilifanya?

Hapana. Malezi hayazai skizofrenia, wala ugomvi wa wazazi au mahari ambayo haikumalizwa. Urithi wa damu una nafasi yake, na bangi inayoanzwa utotoni huongeza hatari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya 300 duniani ana ugonjwa huu, kwenye nyumba za kila namna. Inafaa hili lisemwe kwa sauti mbele ya ukoo, maana mama wengi wa wagonjwa huishi na lawama ambayo hakuna aliyewahi kuwaondolea.

Anakataa dawa. Afanywe nini?

Aulizwe kwa nini. Mara nyingi anayo sababu, na ni ya kweli. Haloperidoli, ambayo ni kati ya dawa zinazotumika sana nchini, huweza kumkakamaza mtu shingo na taya, kumtetemesha mikono, kumtoa mate, na kumfanya atembee kama mzee akiwa na miaka 22. Klopromazini humlaza mchana kutwa na kufanya ngozi yake iungue upesi juani, jambo zito kwa mtu anayetarajiwa shambani. Kijana akiitupa dawa ya namna hiyo haonyeshi ukaidi. Ndugu anayekwenda naye kliniki ayataje haya kwa daktari moja baada ya jingine, kwa kuwa dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na kuna kidonge cha kuondoa ukakamavu. Kuna pia sindano ambayo hutolewa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Inaondoa ule ugomvi wa kila jioni kuhusu vidonge, na kwa nyumba nyingi hiyo peke yake ni nafuu kubwa.

Wapo wanaoacha kwa sababu wamepata nafuu. Hapa familia ijue mapema: nafuu ni kazi ya dawa, na anayeiacha ghafla yumo katika hatari kubwa ya kurudiwa, hata kama miezi michache ya mwanzo itapita salama.

Na wapo wanaoacha kwa sababu dirishani wameambiwa dawa hakuna. Utaratibu wa msamaha unamhesabu mgonjwa wa akili wa muda mrefu miongoni mwa wasiopaswa kulipia huduma, lakini msamaha hauna maana kwenye rafu tupu, na nauli ya kwenda na kurudi haina msamaha. Kwa hiyo familia iende kliniki kabla vidonge havijaisha, na jina la dawa pamoja na kipimo chake viandikwe kwenye daftari la nyumbani ili viweze kununuliwa penginepo ikibidi.

Inasemekana kelele za nyumbani humrudishia ugonjwa. Ni kweli?

Ni kweli, na jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1950. Mtafiti George Brown wa London aligundua kwamba kurudiwa kwa mgonjwa aliyetoka hospitali kulitegemea sana nyumba aliyorudi. Yeye na waliomfuata, akiwemo Julian Leff, walionyesha kwamba palipo na lawama za kila siku, kejeli, au mtu anayemsimamia mgonjwa kila hatua hata asipumue, ugonjwa hurudi upesi zaidi. Habari hii ilizijeruhi familia nyingi Ulaya, zikaona sasa zinashitakiwa. Lakini sehemu ya pili ya utafiti huo ndiyo yenye faida: ndugu wakifundishwa ugonjwa ulivyo, na wakikutana na wenzao wenye mzigo huohuo, lawama hupungua na kurudiwa kunapungua pia. Katika tiba nzima ya akili, ni mambo machache yaliyothibitishwa mara nyingi kuliko hili.

Tanzania imelijaribu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani vilianzisha mradi wa KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima, kwa wagonjwa wa Muhimbili na wa hospitali ya rufaa ya Mbeya. Mgonjwa na ndugu yake waliingia pamoja kwenye kikundi. Walifundishwa dalili, dawa, namna ya kutambua kwamba hali inaanza kuharibika, namna ya kugawana kazi. Mwandishi wa ukurasa huu anaamini kwamba mpango wa aina hiyo unaweza kuendeshwa katika kata kama Vihingo bila jengo jipya. Unahitaji muuguzi mmoja aliyefunzwa afya ya akili, siku moja ya kudumu katika mwezi, na benchi chini ya mwembe wa zahanati.

Nyumbani, somo lenyewe ni dogo kulitamka na gumu kulitenda. Mgonjwa anaposema redio inamtukana, asibishiwe wala asiungwe mkono. Aambiwe tu kwamba inaonekana jambo hilo linamtisha, kisha apewe kazi nyepesi ya mikono. Uvivu wake wa asubuhi, ambao baba huuchukulia kuwa dharau, mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wenyewe.

Akifanya fujo, kumfunga kamba kuna ubaya?

Upo, na hakuna anayefunga kwa furaha. Human Rights Watch, katika ripoti ya mwaka 2020, ilionyesha kwamba kufunga wagonjwa kwa kamba na minyororo kunatendeka katika nchi karibu 60. Familia hufika hapo baada ya mgonjwa kupotea porini, au kumjeruhi mtu, au baada ya kila mlango uliogongwa kutofunguka. Kuwatukana hakuwasaidii. Lakini kamba huua mishipa ya mkono, huleta vidonda, na humfundisha mgonjwa kwamba nyumbani ndiko kwa adui.

Fujo haiji bila ishara. Siku kadhaa kabla, usingizi hukatika, maneno huongezeka, chakula hukataliwa. Huo ndio wakati wa kwenda kliniki. Siku yenyewe ikifika, watu wapungue chumbani, azungumze mmoja anayeaminiwa na mgonjwa, kwa sauti ya chini, na mlango usizibwe. Panga na shoka viwe vimeshaondolewa. Ikishindikana, aitwe mtendaji wa kijiji, au polisi, kumsindikiza hospitali. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kupokewa kwa matibabu bila ridhaa yake anapokuwa hatari, na ndugu wana haki ya kuliomba hilo. Ikumbukwe pia kwamba wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Wao ndio hupigwa, huibiwa na hubakwa.

Amesema anataka kufa. Tunyamaze tusije tukamtia wazo?

Aulizwe waziwazi. Utafiti haujaonyesha kwamba kuuliza humtia mtu wazo. Mara nyingi humpunguzia uzito. Asiachwe peke yake. Sumu ya kunyunyizia mikorosho, ambayo nyumba nyingi huiweka uvunguni, ifungiwe au itolewe kabisa, na vidonge vyote vishikwe na mtu mmoja. Kisha hospitali.

Wengi huficha jaribio la kujiua kwa kuogopa polisi, na hofu hiyo ina msingi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinaliita kosa. Kenya imeshageuka, Mahakama Kuu ya Nairobi ilibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Tanzania nayo ingefaa ikifute, kwa sababu kinamfanya mama achague kati ya kumpeleka mwanawe hospitali na kumkabidhi kwa dola.

Anayetunza mwenyewe amechoka. Msaada upi unapatikana kweli?

Mfano wa kwanza uko kijijini tayari. Karibu kila kijiji cha Uzaramo kina chama cha kufa na kuzikana. Ukitokea msiba, ndani ya nusu siku kuna turubai, sufuria kubwa, kuni, watu wa kuchota maji na daftari la michango. Ugonjwa wa akili haupigiwi mbiu namna hiyo kwa sababu hauna siku ya maziko. Unadumu miaka 20. Chama hichohicho kikiamua, kinaweza kuweka zamu: Jumanne mwanachama mmoja anashinda na mgonjwa ili dada yake aende shamba, na siku ya kliniki mfuko unatoa nauli ya watu wawili. Hakuna sheria ya kusubiri, na kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko pilau ya arobaini.

Serikali nayo ina milango. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazitaja sababu za kiakili katika tafsiri ya ulemavu, hivyo aliyepata nafuu asijihesabu kuwa hahusiki. Aanzie kwa afisa ustawi wa jamii. Januari 2024 ulizinduliwa pia mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Wakifika vitongojini bila kufundishwa kumuuliza mama mwenye mgonjwa analalaje, nafasi kubwa itakuwa imepotea.

Na uchovu wa mtunzaji ukigeuka sonona, nao ni ugonjwa. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani Harare kuwasikiliza watu wenye huzuni nzito wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya kliniki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha dalili zikipungua wazi, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi wenye sikio na staha Vihingo wamejaa.

Kwa nini wagonjwa wasijengewe mahali pao wakakae?

Kukaa huko moja kwa moja huvunja undugu. Mpango bora zaidi uliowahi kujaribiwa Afrika ulimchukua ndugu pamoja na mgonjwa. Mwaka 1954, pale Aro, Abeokuta, daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria aliwapangishia wagonjwa vyumba katika vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumpikia na kumsindikiza kwenye tiba. Tanzania ilianzisha vijiji vyake vya utengemao ambako wagonjwa hulima na kufuga, kama Vikuruti ya Dar es Salaam. Nafasi zake ni chache, nazo ni za kumwandaa mtu arudi kwao.

Mama mtunzaji akifariki, nani atashika?

Swali hili huahirishwa hadi siku ya msiba, na siku hiyo kila mtu hutazama chini. Lishughulikiwe mama akiwa na nguvu. Mtunzaji wa pili, awe mjomba, shangazi au mdogo wake mgonjwa, aanze sasa kufuatana nao kliniki, ajulikane na muuguzi, ajue kadi iko wapi na dawa hupewa saa ngapi. Mgonjwa mwenyewe aulizwe anamtaka nani. Akiwa katika nafuu ana uamuzi kamili. Sehemu yake ya shamba na minazi iandikwe mbele ya wazee na mtendaji wa kijiji, nakala ibaki ofisini, ili atakayemtunza awe na cha kumlishia na asiwepo ndugu wa kumnyang'anya kwa hoja kwamba mwenye kichaa hamiliki.