Mzaha na Haki ya Mtunzi: Hukumu ya Kuigeuza Tamthilia ya Mtu Kuwa Kichekesho

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aila yake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, somo la toleo hili linajibu swali linalorudi mara kwa mara katika halaqa zetu: je, inafaa Muislamu kuchukua tamthilia ya kigeni, hasa hizi za vyombo vya angani na viumbe wa sayari nyingine, akaigeuza kuwa kichekesho, kisha akaisambaza au kuiuza? Swali hili si la nadharia tu. Wapo wenzetu wanaojitafutia ada kwa kutia sauti juu ya filamu. Wapo wanaokata vipande, wakavitilia maneno yao na kuvirusha mtandaoni. Jumuiya za wanafunzi nazo hutafuta burudani isiyo na maasi kwa ajili ya usiku wa kuchangisha fedha. Pesa ya huko hulipa ada, na nyingine tunaiita sadaka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Basi ni wajibu wetu kuuliza pesa hiyo imetoka wapi.

1. Sura ya mas'ala

Wanavyuoni husema kuwa kutoa hukumu juu ya jambo ni tawi la kulielewa. Tuanze na hali tunayoiona.

Anayepita Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, na mitaa inayolizunguka, hukuta vibanda vyenye kompyuta na spika. Mteja anatoa flashi au simu, anachagua filamu, anajaziwa, analipa. Nyingi ni za kutafsiriwa: ndani yake kuna sauti ya VJ akieleza kwa Kiluganda. Kazi hiyo ilikulia katika kumbi za video za Kampala, ambako VJ alikaa na kipaza sauti akiwafasiria watu ambao hawakujua Kiingereza. VJ hafasiri tu. Anatia utani, anawapa wahusika majina ya kwetu, na nahodha wa chombo cha angani anaweza kuongea kama mtu anayegombania chenji yake kwenye teksi. Tanzania nako watu walimzoea Lufufu, na Kenya wakamzoea DJ Afro.

Humo mna mambo matatu ambayo tukiyachanganya tutakosea hukumu:

(a) kunakili filamu nzima na kuiuza;
(b) kuweka sauti ya utani juu ya filamu nzima;
(c) mwigo wa kuchekesha, yaani kutengeneza kazi yako mpya inayoicheka kazi iliyotangulia, ukiiga mtindo wake na wahusika wake.

2. Je, kazi ya akili ni mali?

Mafaqihi wa kale hawakuwa na filamu, lakini walijadili msingi wake: je, manufaa yasiyoshikika ni mali? Wanavyuoni wa Kihanafi wa mwanzo walisema mali ni kitu chenye umbo, kinachoweza kuwekwa akiba. Jumhuri, wakiwemo Mashafii ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea kwetu Afrika Mashariki, waliyahesabu manufaa kuwa mali. Kwa msingi huo wa pili, jasho la mtunzi lina thamani ambayo mwingine hawezi kuichukua bure.

Jambo hili lilifika mbele ya Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, yenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988. Azimio nambari 43 liliamua kuwa jina la biashara, haki ya utunzi na haki ya uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya kimali katika urf ya zama hizi, zinalindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Dalili za jumla zinajulikana: katazo la kulana mali kwa batili katika Suratun Nisaa aya ya 29, na Hadithi kuwa mali ya mtu haiwi halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake.

Wala tusidhani kuwa fikra hii imeletwa na wazungu. Imamu Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), aliandika risala nzima ya kupambanua kati ya mtunzi na mwizi, akimlalamikia mtu aliyechukua kazi yake bila kumtaja. Kinyume chake ni al-Hariri, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122). Maqamat zake zilifuata nyayo za al-Hamadhani, naye alikiri wazi katika dibaji yake kuwa huyo ndiye aliyemtangulia. Mtindo aliuchukua, ila maneno na visa alivitunga mwenyewe, na mwenye fadhila akamtaja. Kuiga, basi, si wizi kwa asili yake. Wizi ni kuibeba kazi yenyewe.

3. Qiyas ya fundi wa mitumba

Wanaotetea vibanda vya filamu wana hoja moja yenye nguvu. Wanasema: pale pale Owino, fundi cherehani hununua koti la mtumba kutoka Ulaya, analikata, anabadilisha mabega, anatia kitambaa cha kwetu na kuliuza kwa faida. Hakuna sheikh aliyemkataza. VJ naye kachukua kitu cha Ulaya, kakikata na kukitia cha kwetu. Tofauti iko wapi?

Hii ni qiyas, na ni lazima tuipime kama tulivyosoma katika usul. Asli ni koti, far'u ni filamu, hukumu ni ujuzu. Illa ni nini? Koti linajuzu kwa sababu fundi amelimiliki. Aliyelivaa mwanzo ametokwa nalo, na akishaliuza fundi, halipo tena mkononi mwake. Koti moja hubaki koti moja. Mwenye kibanda hakununua filamu. Pengine ana nakala moja tu, hata kama ni ya halali, naye anatoa nakala mia bila yeye mwenyewe kupungukiwa na kitu. Angenunua diski na kuiuza diski hiyo hiyo, hapo angefanana na muuza mitumba. Illa haipo katika far'u, kwa hiyo hii ni qiyas pamoja na tofauti, nayo haisimami.

Lakini tazama faida iliyobaki ndani ya hoja hiyo. Ustadi wa fundi ni wake. Hali kadhalika ulimi wa VJ, vichekesho vyake na lugha yake ni jasho lake halali. Tatizo ni kile alichokiweka chini ya ustadi huo.

Na kuna mfano hapa hapa Kampala unaoonyesha njia. Huko Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu ya *Who Killed Captain Alex?*, iliyojulikana duniani kwa udogo wa bajeti yake na wingi wa vichekesho vyake. Sauti ya utani iliyomo ni ya VJ Emmie, naye anaicheka filamu kwa ridhaa ya wenye filamu. Tukiacha suala la mapigano yaliyomo, upande wa haki uko safi: mzaha ule ule wa VJ, bila kuvamia mali ya mtu. Waigizaji wa studio hiyo walizunguka wakiuza DVD kwa mikono yao wenyewe. Anayenakili kazi ya aina hiyo hamwibii tajiri wa Hollywood. Anamwibia jirani.

4. Hoja ya "hao ni matajiri, tena si Waislamu"

Hoja hii husikika sana, na jibu lake liko katika sira. Usiku wa Hijra, Makureshi walikuwa wamepanga kumuua Mtume (S.A.W.), na mali za Waislamu zilikuwa zinaporwa. Pamoja na hayo, alimwacha Ali (R.A.) Makka ili azirudishe amana za watu, na wenye amana walikuwa miongoni mwa washirikina. Kama uadui wa wakati ule haukuhalalisha amana, utajiri wa kampuni ya Marekani hauwezi kuhalalisha filamu yake. Isitoshe, sisi tunaishi chini ya sheria za nchi, na tunapofungua akaunti mtandaoni tunakubali masharti. Suratul Maida imefunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi.

5. Sheria inasemaje?

Uganda tuna Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Inampa mtunzi haki ya kunakili, kufasiri na kuibadilisha kazi yake. Inaruhusu pia matumizi ya haki bila idhini, kama kunukuu na kufundishia, na inataja mambo ya kupimia: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenyewe. Mwigo wa kuchekesha haukutajwa kwa jina, kwa hiyo mwenye kuufanya hutegemea vipimo hivyo. Uingereza iliutaja wazi mwaka 2014. Marekani, Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1994 kuwa mwigo wa dhihaka unaweza kuwa matumizi ya haki, hata ukiwa wa kibiashara.

Kesi mbili zinazohusu Star Trek zinafundisha zaidi. Ya kwanza ni ya Axanar. Mashabiki walichangisha zaidi ya dola milioni moja ili watengeneze filamu yao ndani ya ulimwengu wa tamthilia hiyo. Haikuwa ya kuchekesha, ilikuwa ya dhati. Desemba 2015 Paramount na CBS wakashtaki, na Januari 2017 jaji akakataa utetezi wa matumizi ya haki, kisha pande mbili zikapatana. Katikati ya kesi, Juni 2016, kampuni hizo zilitoa masharti kwa mashabiki: kisa kisizidi dakika 15, au sehemu mbili zisizozidi dakika 30 kwa jumla, michango isizidi dola 50,000, na filamu isitoe mapato. Kifiqhi hii ni idhini yenye masharti. Mwenye mali amefungua mlango kwa kiasi alichotaka, na Hadithi inasema Waislamu hushikamana na masharti yao.

Ya pili ni ya kitabu kilichochanganya Star Trek na vitabu vya watoto vya Dr. Seuss, maneno yake yakiandikwa na David Gerrold, aliyewahi kuiandikia tamthilia hiyo. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ilisema kuwa kitabu hicho hakikuwa mwigo wa dhihaka, kwa sababu hakikumcheka Dr. Seuss wala kumkosoa. Kilitumia michoro na mtindo wake kupata mvuto tu. Hapa tunapata kipimo kizuri: kumcheka mtu ni jambo moja, na kuchekesha kwa kutumia mali yake ni jambo jingine.

6. Mzaha wenyewe

Mzaha si haramu. Katika Hadithi aliyoipokea Anas (R.A.), mtu alimwomba Mtume (S.A.W.) mnyama wa kupanda, akaambiwa atapandishwa juu ya mtoto wa ngamia. Akashangaa atafanya nini na mtoto wa ngamia, akakumbushwa kuwa kila ngamia amezaliwa na ngamia. Utani huo ulikuwa wa kweli na haukumvunjia mtu heshima. Kwa hiyo hata aliyepata idhini ya mtunzi abaki na mipaka: asidhihaki dini, asicheke kabila, umbo au ulemavu wa watu, kwani Suratul Hujurat aya ya 11 imekataza, na asitie matusi ili watu wacheke.

7. Vipimo vya kutumia

Kabla hujarekodi, jiulize:

1. Ninaicheka kazi hii, au nimeibeba tu ili nipate watazamaji?
2. Nimechukua kiasi kinachohitajika ili mtu aitambue, au nimechukua kipindi kizima?
3. Atakayetazama yangu atakuwa hana tena haja ya kuitafuta ya mwenyewe?
4. Kuna idhini, na nimetimiza masharti yake?
5. Nimemtaja mwenye kazi?
6. Kilichomo kingeweza kuoneshwa mbele ya wazazi wangu?

Kwa vipimo hivi, jambo (a) halijuzu. Jambo (b) halijuzu bila idhini, hata VJ awe hodari kiasi gani. Jambo (c) lina nafasi, likikamilisha vipimo. Haya ni maoni ya mwanafunzi. Mwenye kesi yake mahususi, hasa aliyekwisha kupokea pesa, awaendee masheikh.

Hitimisho

Hukumu hii isichukuliwe kuwa ni kufunga riziki ya ndugu zetu. Sheria yetu ya 2006 hailindi wazo tupu, na fiqhi haijui milki ya wazo lililo kichwani. Chombo cha angani, safari ya nyota na kiumbe wa kijani si mali ya kampuni yoyote. Tunga chombo kinachopakia abiria Old Taxi Park, kondakta akiita "Mars, Mars, wawili tu", huku nahodha akitafuta kibla akiwa nje ya dunia. Ulimi uliokuwa unapamba filamu za wengine utapamba ya kwako, nayo ikitazamwa usiku wa kuchangisha, sadaka itakayopatikana hatutakuwa na wasiwasi nayo.

Allah atuwafikishe katika chumo la halali. Wallahu a'lam.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini qiyas ya koti la mtumba imeanguka? Taja illa.
2. Mwalimu anayeonesha dakika mbili za tamthilia darasani ana hukumu gani?
3. Je, dharura ya ada inahalalisha kuuza nakala? Rejea masharti ya dharura katika kawaida za kifiqhi.