Kuujua Mfumo wa Kompyuta kwa Dalili Zake

Mwaka 2019 lilifunguliwa soko la madini mjini Geita, na wachimbaji wadogo wakapata mahali rasmi pa kuuzia dhahabu ya maduara yao. Mrabaha na tozo nyingine za serikali hulipwa kwa namba maalumu, katika mfumo wa kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2017. Mlipaji akiiandika namba hiyo katika simu yake, ombi hupita katika kompyuta za kampuni ya simu, za benki na za serikali, ndipo stakabadhi irudi.

Na ichukuliwe kwamba fedha zimekatwa, lakini stakabadhi haikurudi. Je, mlipaji alipe tena? Kila ofisi husema kwamba mitambo yake ni mizima, na pengine kila moja husema kweli.

Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alifafanua sharti la kuujua mfumo kama huo: hali yake ya ndani iweze kukokotolewa kutokana na yale yatokayo nje. Mjiolojia naye haingii ndani ya mwamba. Hutoboa, akasoma sampuli. Tofauti ni kwamba mwamba haukuumbwa ujieleze, ilhali programu yaweza kuandikwa ijieleze.

Dalili ya kwanza ni vipimo vya jumla, navyo hudanganya kwa urahisi. Malipo 990 yakichukua sekunde 1 kila moja, na 10 yakichukua sekunde 101, wastani wa malipo yote 1,000 ni sekunde 2 tu. Msimamizi ataridhika, watu kumi wangali wamesimama dirishani.

Dalili ya pili ni kumbukumbu ambazo kila kompyuta huandika juu ya kila tendo. Hizo nazo hazitoshi zikikaa mbalimbali. Ombi lapaswa kubeba namba moja tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kituo kiandike namba hiyo pamoja na saa ya kupokea na saa ya kutoa. Hapo nyayo za ombi huunganika, na mahali lilipokwama hujulikana, hata kama hitilafu yenyewe haikutazamiwa na yeyote.

Zoezi: Wanafunzi watano wapitishiane bahasha yenye namba, kila mmoja akiandika daftarini saa ya kupokea na ya kutoa. Mmoja aliyeteuliwa kwa siri aicheleweshe. Wengine wamtambue kwa madaftari pekee. Kisha zoezi lirudiwe, saa ya mwanafunzi wa tatu ikiwa imesogezwa mbele dakika 3.