Uhandisi wa Viwanda: Kozi ya Kutafuta Panapopotea Muda na Mali

Mwanafunzi akisema anataka kuwa mhandisi, huulizwa mara moja: wa barabara, wa umeme au wa mitambo? Wakazi wa Milimani na mitaa mingine ya Kisumu wanafaa kujua kuwa kuna jibu jingine: uhandisi wa viwanda.

Kazi yake ni nini?

Mhandisi wa mitambo hushughulikia mashine. Mhandisi wa viwanda huangalia kazi nzima: watu, mashine, malighafi, muda na fedha. Hupima kila hatua, akatafuta panapotokea hasara, kisha akapanga kazi upya.

Mfano wa karibu ni miwa. Mashariki mwa jiji kuna ukanda wa Miwani, Chemelil na Muhoroni. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na ukikaa juani uzito nao hupungua. Kwa hiyo foleni langoni mwa kiwanda ni hasara kwa mkulima na kwa kiwanda pia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Trekta 10 zinaingia kila saa, na kila moja inakaa saa 6 kabla ya kushusha mzigo. Zidisha 10 kwa 6: wakati wowote kuna trekta 60 uwanjani. Muda huo ukipunguzwa hadi saa 2, zitabaki 20. Hakuna trekta mpya iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni ratiba ya kukata, kupima na kushusha.

Kanuni hii ilithibitishwa mwaka wa 1961 na John Little, msomi wa Marekani. Inafanya kazi hospitalini vilevile: wagonjwa 20 wakiingia kila saa na kila mmoja akikaa saa 3, ukumbi unahitaji nafasi ya watu 60.

Masomo na mahali pa kusomea

Shahada ya uhandisi nchini huchukua miaka 5. Masomo ya msingi ni Hisabati, Fizikia na Kemia. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni C+ katika KCSE, lakini kozi za uhandisi huwa na ushindani, hivyo alama za masomo hayo matatu ni muhimu sana. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 achague mkondo wa STEM.

Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina idara inayofundisha uhandisi wa viwanda na nguo. Chuo hicho ndicho kilichonunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka wa 2007. Asiyefikia kiwango cha shahada anaweza kuanza na diploma katika taasisi ya kiufundi, kisha akaendelea.

Nafasi za kazi

Matangazo mengi ya kazi hayaandiki “mhandisi wa viwanda”. Tafuta maneno kama mpangaji wa uzalishaji, udhibiti wa ubora, usalama kazini, ugavi na usimamizi wa maghala. Kazi hizi zipo katika viwanda vya sukari, samaki, unga na vinywaji, bandarini, hospitalini na katika kampuni za uchukuzi.

Kabla ya kujaza fomu

Sheria ya Wahandisi ya mwaka wa 2011 inamtaka kila anayefanya kazi ya uhandisi asajiliwe na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mhitimu husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Baada ya miaka isiyopungua 3 ya kazi, na akifaulu tathmini, anaweza kuwa mhandisi mtaalamu.

Bodi hutambua kozi, si jina la chuo pekee. Mzazi na mwanafunzi wanashauriwa kuangalia orodha ya kozi zilizoidhinishwa na Bodi kabla ya kuchagua kupitia KUCCPS. Kusoma miaka 5 kisha kukataliwa usajili ni hasara ambayo dakika chache za kuuliza zinaweza kuizuia.