Tiketi ya Mapema au ya Siku Hiyo? Mwongozo wa Msafiri Kutoka Nakivale

Anayetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenda mbali hapandi chombo kimoja, na vyombo vyenyewe havifanani. Teksi ya Base Camp haina tiketi: inajaa, inaondoka. Basi la Mbarara lina ofisi na kitabu cha risiti, na saa yake ya kuondoka hutegemea kampuni na siku. Treni ya Nairobi kwenda Mombasa ina namba ya siti, na saa yake ikifika inaondoka, uwe ndani au nje. Kwa hiyo usijiulize kama ukate tiketi mapema kwa safari nzima. Jiulize kwa kila kipande.

Kanuni yenyewe ni fupi: chombo kinachoondoka kwa saa, kikatie tiketi mapema, chombo kinachongoja kujaa, lipa ukishakaa kwenye siti. Hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kuitumia.

Hatua ya 1: Anza na miadi, kisha hesabu kurudi nyuma

Andika siku na saa unayotakiwa kuwa umefika, halafu rudi nyuma kipande kwa kipande. Tuseme una usaili Kampala Jumatatu saa tatu asubuhi. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kama kilomita 270, na basi lisiposumbuliwa hutumia saa nne hadi tano. Foleni ya Kyengera na Busega, pale unapoingia mjini, inaweza kula saa nzima. Kabla ya hapo kuna njia ya vumbi ya kutoka kambini mpaka kwenye lami ya kuelekea Mbarara, na ukiwa unakaa Juru au Rubondo utahitaji kwanza boda au teksi nyingine. Kuondoka kambini alfajiri ya Jumatatu ni kucheza kamari. Safiri Jumapili ulale Kampala.

Usipange safari kama vile barabara haina ajali. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala–Masaka. Barabara ikafungwa, na magari ya magharibi yakazungushwa kupitia Sembabule. Aliyekuwa na tiketi mkononi na aliyekuwa hana, wote walichelewa. Tiketi inakulindia siti. Muda wa ziada lazima ujiwekee mwenyewe.

Tazama pia kalenda ya kambini. Kama siku za mgao au za uhakiki wa familia zinaangukia ndani ya safari yako, panga upya kabla hujalipa nauli.

Hatua ya 2: Weka karatasi zako sawa kabla ya pesa

Ndani ya Uganda, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea, pamoja na masharti ambayo serikali inaweza kuweka. Beba kitambulisho chako cha mkimbizi, au barua ya familia kama kadi haijatoka. Kwa safari ya siku nyingi, pita ofisi ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) kambini uulize kama unahitaji barua.

Kuvuka mpaka ni habari nyingine. Raia wa Uganda anaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Mkimbizi anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi, ile watu wanaiita CTD. Kadi ya mkimbizi haitoshi. Ongeza kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usikate tiketi ya Nairobi wakati hati bado inashughulikiwa, hata ukiambiwa itatoka kesho.

Halafu angalia herufi za jina lako. Karani wa Mbarara aliyezoea Kinyankole huweza kusikia Mulamba akaandika Muramba. Kwenye teksi hakuna anayejali. Kwenye treni, na mbele ya afisa wa mpaka, herufi moja inaweza kukusimamisha. Kila unapokata tiketi, usitaje jina kwa mdomo tu. Weka kitambulisho mezani karani anakili.

Hatua ya 3: Nakivale hadi Mbarara, usilipe mapema

Kipande hiki hakina sababu ya kulipiwa jana yake. Magari mengi hutoka asubuhi na mapema, yakipeleka wafanyabiashara sokoni, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyosubiri zaidi gari lijae. Unachohitaji ni namba ya simu ya dereva. Mpigie jioni, mwambie utasimama wapi na una mizigo mingapi, na pesa umpe ukishaingia.

Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, tenga muda mara mbili. Njia ikilowa gari linatambaa, na wakati mwingine abiria wanashuka kulisukuma.

Kuhusu mizigo, patana kabla gunia halijapanda juu. Gunia la maharage likishafungwa kamba kwenye paa, huna tena nguvu ya kubishana bei.

Hatua ya 4: Mbarara hadi Kampala, soma majira kwanza

Hapa ndipo watu hupoteza pesa kwa pande zote mbili: wengine hukata mapema bila sababu, wengine hungoja siku ambayo hawakupaswa kungoja.

Siku za katikati ya wiki, wakati shule hazifungui wala hazifungi, mabasi ni mengi na siti zipo. Lipa siku hiyo hiyo. Unaweza kuchagua basi lililokaribia kujaa na hata kuomba upunguziwe.

Kata mapema katika nyakati hizi: wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, Pasaka, Idi, na siku za kufungua na kufunga shule, ambazo Uganda huja mara tatu kwa mwaka. Lakini tazama pia mwelekeo. Kuelekea Krismasi, Kampala yote inarudi vijijini. Basi la kutoka Kampala kuja Mbarara linajaa na nauli inapanda sana, kwa sababu mwenye basi anajua atarudi na siti tupu. Basi la kwenda Kampala siku hizo hizo linatafuta abiria. Baada ya Mwaka Mpya mambo yanageuka. Kwa hiyo anayekwenda Kampala Desemba na kurudi kula sikukuu kambini anaweza kulipa siku hiyo wakati wa kwenda, lakini tiketi ya kurudi aikate pale pale anapofika.

Kabla ya kulipa, muulize karani swali moja: “Dada, basi la saa moja linaondoka saa moja, au linaondoka likijaa?” Akisema likijaa, tiketi yake ya mapema haikuongezei chochote zaidi ya siti. Akisema saa moja kamili, hiyo ndiyo tiketi ya kununua mapema.

Ukiwa kwenye paki, usihesabu vichwa vinavyoonekana dirishani ukadhani basi limejaa. Wapo wanaokalishwa ndani ili gari lionekane tayari. Utawatambua: hawana mzigo, hawana hata chupa ya maji, na wanaongea na konda kama ndugu yao. Ukishalipa, mmoja mmoja anashuka, na ninyi mnaanza kusubiri upya.

Hatua ya 5: Lipa kwa njia inayoacha alama

Ukiweza, lipa dirishani kwenye ofisi ya kampuni. Mpiga debe anayekushika mkono getini anaweza kukufikisha kwenye basi, lakini pesa isipite mikononi mwake.

Kwa simu, omba namba ya kampuni ya kulipia, si namba ya mtu. MTN hulipwa kwa *165# na Airtel kwa *185#. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa jina la mtu usiyemjua badala ya kampuni, simama, piga simu ofisini. Ujumbe wa malipo usiufute mpaka umerudi nyumbani.

Ukipewa risiti, usiondoke dirishani kabla hujasoma mambo haya:

– Jina lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho.
– Tarehe ya safari. Mara nyingi karani huandika tarehe ya leo kwa mazoea.
– Saa ya kuondoka na saa ya kuripoti.
– Namba ya siti. Asubuhi, ukielekea Kampala, jua hupiga zaidi upande wa kulia, omba kushoto.
– Kiasi ulicholipa, pamoja na cha mzigo.

Uliza pia kama tarehe inaweza kubadilishwa, na mwisho wa kubadilisha ni lini. Akikubali, mwombe aliandike nyuma ya risiti na kutia sahihi. Karani wa leo huenda asiwe zamu siku utakayorudi.

Hatua ya 6: Kampala hadi Nairobi, kata angalau siku moja kabla

Mabasi ya Nairobi yana orodha ya abiria na saa ya kuondoka, na mengi husafiri usiku kupitia Busia au Malaba. Kata tiketi siku moja au mbili kabla. Msimu wa sikukuu, wiki nzima kabla. Ukiwa bado Mbarara, mtume ndugu aliye Kampala aende ofisini na picha ya hati yako.

Usiunganishe vyombo kwa dakika. Basi la Mbarara linalotarajiwa kufika saa kumi jioni na basi la Nairobi la saa kumi na moja, upande mwingine wa mji, hayashikani. Acha saa nne katikati, au lala.

Angalia na saa yenyewe. Uganda, Kenya na Tanzania zinatumia saa ileile. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja. Ndugu wa Bukavu akikupangia kukutana “saa mbili”, muulize ni saa mbili ya wapi.

Hatua ya 7: Treni, hapa usisubiri siku ya safari

Mbarara haina treni ya abiria. Reli ya magharibi iliyofika Kasese mwaka 1956 haikupita hapa, na abiria wake walikwisha kitambo. Kwa msafiri wa Nakivale, treni inaanzia Nairobi: ile ya kwenda Mombasa, iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500, na bado siti huisha, hasa Ijumaa, Desemba na likizo za shule.

Tiketi hukatwa kwa *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli. Njia ya simu inahitaji laini ya Kenya na M-Pesa. Kama huna, mwombe ndugu aliye Nairobi akukatie, na umtumie namba ya hati yako kwa maandishi, kwa sababu tiketi hufungwa kwenye namba hiyo. Usikubali kununua tiketi ya mtu aliyeahirisha safari, hata kwa bei nzuri. Jina na namba si zako.

Saa kwenye tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne. 08:00 ni saa mbili asubuhi, 15:00 ni saa tisa alasiri, 22:00 ni saa nne usiku. Wenye mazoea ya kusoma saa kwa Kifaransa wasiitaje saa kwa mdomo wanapokatiwa na mtu mwingine, waandike tarakimu.

Stesheni iko Syokimau, nje ya katikati ya jiji. Fika saa moja au zaidi kabla, maana mizigo hupangwa chini kwenye mstari na mbwa wa polisi huipitia kabla hujaingia. Kama utafika Nairobi asubuhi kwa basi la usiku, usikate treni ya asubuhi hiyo hiyo. Chukua ya usiku au ya kesho yake. Mpaka ukichelewesha basi, tiketi haitakufuata.

Anayepitia Tanzania afanye vivyo hivyo. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria Julai 2024, nayo huuzwa kwa jina na namba ya siti.

Hatua ya 8: Ukiona utachelewa, piga simu kabla ya saa ya kuondoka

Simu inayopigwa basi likiwa bado limesimama inaweza kukuhamishia kwenye la baadaye. Inayopigwa likiwa limepita Lyantonde haina wa kuisikiliza. Taja namba ya risiti kwanza, jina baadaye, na uombe kuhamishiwa siti badala ya kurudishiwa pesa. Ombi la kwanza konda anaweza kulitimiza mwenyewe, la pili linahitaji bosi.

Na kabla ya kukata tiketi yoyote ya mapema, fanya hesabu hii ya mwisho. Upande mmoja andika utakachopoteza ukilipa halafu usisafiri: nauli. Upande wa pili andika utakachopoteza ukikosa siti: kulala njiani, chakula, na miadi yenyewe. Kama upande wa pili ni mzito, lipa leo. Kama wa kwanza ndio mzito, pesa ikae mfukoni mpaka asubuhi ya safari.