Mguu Ulioteguka na Matunzo Yake

Katika shule yetu, kila muhula wakati wa mashindano ya mabweni, huonekana wanafunzi wanaochechemea. Wengi huficha maumivu yao kwa kuogopa kupoteza nafasi katika timu. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wenzangu machache niliyojifunza juu ya jambo hili.

Kwanza, tutofautishe maumivu. Mtu aliyekaa likizo nzima bila mazoezi, akikimbia siku ya kwanza, mapaja humwuma kesho yake na kesho kutwa. Hayo si maradhi. Nyuzi za misuli zimepata majeraha madogo sana kwa kazi zisiyoizoea, na baada ya siku chache hupona zikawa imara kuliko kwanza. Dawa yake ni kutembea, mazoezi mepesi, na usingizi wa kutosha.

Kuteguka ni jambo jingine. Hapo kano zinazofunga mfupa na mfupa huvutika kupita kiasi au kuchanika. Mara nyingi huwa upande wa nje wa kifundo cha mguu, mchezaji anapokanyaga vibaya na wayo ukageukia ndani. Likikupata, acha mchezo papo hapo. Lala, inua mguu juu ya blanketi lililokunjwa, uufunge bendeji isiyobana hata vidole vikafa ganzi. Kitambaa cha maji baridi kwa dakika kumi hivi hupunguza maumivu. Siku mbili tatu za mwanzo usikande kwa maji ya moto wala usikubali kuchuliwa, maana uvimbe huzidi. Na kama huwezi kutembea hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa, mwambie mwalimu wa zamu upelekwe hospitali ukapigwe picha, kwani huenda umevunjika.

Lakini kulala siku nyingi nako hakufai. Mwaka 1978 Daktari Gabe Mirkin wa Marekani aliandika kanuni ya mambo manne: kupumzika, barafu, kufunga na kuinua. Ilienea sana. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu, na mapumziko yakizidi, huweza kuchelewesha kupona. Kano inayopona hupata nguvu kwa kuvutwa kidogo kidogo. Basi uvimbe ukianza kupungua, chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Kisha tembea. Kisha simama kwa mguu huo mmoja nusu dakika, ujiinue kwa ncha za vidole. Baadaye kimbia njia iliyonyooka, na mwisho kabisa kimbia kwa kukata kona. Maumivu yakizidi, rudi hatua moja nyuma.

Mwenzetu mmoja wa bweni letu aliteguka muhula uliopita. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umekwisha, naye akaingia uwanjani kwa kuwa fainali ilikuwa siku hiyo. Kabla ya mapumziko aliteguka tena pale pale, na muhula ukaisha akitazama mpira kutoka kwenye benchi. Uvimbe kwisha si kupona.

Wengine hunijibu kwa kumtaja John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka katika marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, akaumia goti, na bado akamaliza mbio. Namheshimu sana. Lakini Olimpiki huja kila baada ya miaka minne. Mechi za mabweni huja kila muhula, na miguu tuliyo nayo ni miwili tu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Mguu ulioteguka hauui, lakini nao humfichua mwenyewe, tena mbele ya watazamaji. Basi, mwenzangu, ukiumia sema siku ile ile, na nahodha asikuite uwanjani mpaka uweze kusimama kwa mguu huo bila kuyumba.