Kufundisha Utalii Wenye Maadili: Je, Mwenyeji Amepona?

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa ni ahadi: mgeni akifika, neema nayo imefika. Lakini mwalimu akiitazama kwa makini ataona kwamba ndani yake mna sharti. Mgeni hasifiwi kwa kuja tu, bali kwa kuwa kuja kwake kumemponya mwenyeji. Ikiwa mgeni amekuja na mwenyeji hakupona, basi methali haikutimia.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi jinsi ya kufundisha utalii katika Darasa la Tano au la Sita kwa kulitumia swali hilo moja. Katika shule nyingi mada hii huishia kwenye orodha: utalii huleta fedha za kigeni, hutoa ajira, huitangaza nchi. Mtoto huikariri orodha, huiandika katika mtihani, akapata alama zake. Orodha hiyo si ya uongo, ila ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili, yaani nani apata kiasi gani na nani alipa gharama, haimo. Nayo ndiyo anayokutana nayo mtoto wa Nungwi, wa Karatu au wa Marangu kila siku atokapo shuleni.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Mwaka 1950 watu waliovuka mipaka ya nchi zao kwa utalii walikadiriwa kuwa milioni 25 duniani kote. Mwaka 2019 walifika milioni 1,460 hivi. Maradhi ya UVIKO-19 yaliipunguza idadi hiyo sana mwaka 2020, lakini safari zimekwisha kurejea. Tanzania peke yake ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje mwaka 2023. Wageni wengi kiasi hicho hawawezi kupita mahali pasibadilike.

Kadiri watalii walivyoongezeka, ndivyo na maswali yalivyoongezeka. Hapa nyumbani maswali hayo si mageni. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali gazetini wakihoji kama utalii ulikuwa njia ifaayo kwa nchi iliyokuwa ikijenga ujamaa. Makala za mjadala huo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Siasa za wakati ule zimepita, lakini swali la msingi lingali hai: utalii ni kwa manufaa ya nani?

Ulimwenguni nako hatua zilichukuliwa. Mwaka 1999, katika mji wa Santiago nchini Chile, Shirika la Utalii Duniani lilipitisha Kanuni za Maadili ya Utalii zenye vifungu 10. Kanuni hizo zinataka mila za wenyeji ziheshimiwe, mazingira yalindwe, wenyeji wagawiwe faida kwa haki, na zinalaani unyonyaji wa binadamu, hasa watoto. Mwaka 2002 wajumbe waliokutana Cape Town walitoa azimio juu ya utalii wenye kuwajibika. Kiini chake ni kwamba mahali pawe pema kwa wanaoishi hapo, ndipo pawe pema kwa wanaopatembelea. Mwanachuo auzingatie mpangilio huo: mwenyeji kwanza, kisha mgeni.

Mifano ya kutumia darasani

Mtoto wa shule ya msingi haelewi azimio. Huelewa jambo analoweza kuliona kwa macho au kwa fikra. Ifuatayo ni mifano minne ya kweli.

Wa kwanza ni kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja. Mwaka 1994 miamba yake ya matumbawe ilitangazwa kuwa hifadhi. Waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wake. Nyumba za wageni ni saba tu. Maji yake ni ya mvua iliyokingwa kwenye mapaa, na vyoo vyake havitumii maji. Fedha za wageni husaidia kuwapeleka kisiwani watoto wa shule za Zanzibar wakajifunze juu ya bahari yao wenyewe.

Wa pili ni msitu wa Jozani, uliofanywa sehemu ya hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo huishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Zanzibar pekee. Kima huyo huingia mashambani na kula mazao ya wakulima. Kwa hiyo, sehemu ya mapato ya viingilio hurudishwa kwa vijiji jirani. Mfano huu hufaa sana kwa sababu unaonyesha wazi kwamba uhifadhi una mtu anayeulipia gharama.

Wa tatu ni Mlima Kilimanjaro. Mgeni husifiwa kwa kufika kileleni, mita 5,895, lakini hema, chakula na vyombo vyake vimepandishwa na mpagazi. Utaratibu wa kupima mizigo langoni na kuweka kikomo cha uzito umewekwa ili mpagazi asigeuzwe punda. Mtalii mwenye maadili huuliza kabla ya safari: wapagazi wa kampuni hii hulipwa kiasi gani, na hulala wapi?

Wa nne unatoka mbali, visiwa vya Palau katika Bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka 2017 kila mgeni aingiaye huko hugongewa katika pasi yake ahadi ya kuvitunza visiwa hivyo, naye huitia sahihi. Ahadi hiyo imeelekezwa kwa watoto wa Palau, na watoto wenyewe walishiriki kuitunga. Wanafunzi wako hawatalisahau jambo hili, nalo litatumika katika hatua ya mwisho ya somo.

Maandalio ya somo

Somo lichukue vipindi viwili vya dakika 40. Madhumuni yake ni kwamba, hatimaye, kila mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake nani hufaidika na nani hugharimika mtalii afikapo, na aweze kutaja wajibu wa mgeni na wa mwenyeji. Zana ni punje 100 za mahindi kwa kila kikundi, vipande vya karatasi, na ubao.

Hatua ya kwanza: Kuanza na nyumbani. Uliza: "Mgeni akija kwenu hufanya nini mlangoni? Je, huingia chumbani bila hodi? Huwapiga picha wazee bila idhini?" Majibu yaandikwe ubaoni. Darasa litagundua lenyewe kwamba tayari linazijua kanuni za maadili, na kwamba mataifa yamezifuata tu desturi zilizomo majumbani mwao.

Hatua ya pili: Hesabu ya punje. Kila punje ni shilingi moja, na mtalii amelipa shilingi 100 kwa safari yake. Kikundi A wagawe hivi: shirika la ndege 35, wakala wa ng'ambo 30, mwenye hoteli 20, chakula kilichoagizwa kutoka nje 8, kodi 4, mishahara ya wanakijiji 3. Kikundi B wagawe hivi: ndege 35, wakala 15, mwenye hoteli 12, samaki na mboga za kijijini 13, kodi na viingilio 10, mishahara ya wanakijiji 15. Kisha kila kikundi wahesabu punje zilizobaki kijijini. Kikundi A watakuta 3, Kikundi B watakuta 28. Waeleze kwamba tarakimu hizi ni za zoezi tu, lakini jambo lenyewe ni la kweli. Wachumi huliita uvujaji wa mapato. Waache washangae kidogo, ndipo uulize: "Mgeni ni yule yule na fedha ni zile zile. Ni nini kilichobadilika?"

Hatua ya tatu: Mizani. Gawa ubao pande mbili, "Kilicholetwa" na "Kilichochukuliwa". Wanafunzi wataje kazi, soko la samaki, barabara. Wataje vilevile maji ya kisima, taka, ardhi ya pwani, na mwenzao aliyeacha shule ili akauze vikuku ufukweni. Jambo hili la mwisho lisipitwe haraka. Mtalii anayempa mtoto peremende au sarafu saa za masomo hudhani ametenda wema. Kumbe amemfundisha kwamba kuomba hulipa upesi kuliko kusoma. Mwanafunzi anayelielewa hilo amepewa kinga ambayo orodha ya faida haiwezi kumpa.

Hatua ya nne: Kutunga ahadi. Wasimulie habari za watoto wa Palau, kisha kila kikundi kitunge ahadi mbili zenye sentensi tano tano: ahadi ya mgeni kwa kijiji chetu, na ahadi ya mwenyeji kwa mgeni wake. Ahadi ya pili ni ya lazima, kwa sababu mwenyeji anayemdanganya mgeni bei naye hana maadili.

Tahadhari

Kwanza, somo hili lisigeuzwe kuwa la chuki. Darasani mwako yumo mtoto ambaye baba yake ni mpishi wa hoteli na mama yake husuka watalii nywele. Usiseme neno litakalomfanya akionee aibu chakula cha nyumbani kwao. Tunapima utalii ili uwe wa haki zaidi, wala si kuwatukana wanaoishi kwao.

Pili, mwalimu wa shule isiyofikiwa na watalii asidhani kwamba mada haimhusu. Wanafunzi wake wakienda ziara ya masomo Bagamoyo au Mikumi, wao ndio watalii. Waulizwe kabla ya kuondoka: tutaacha nini huko, na tutachukua nini?

Tatu, shule yenyewe yaweza kugeuzwa kivutio. Wageni hufika wakati wa kipindi wakiwa na kamera na maboksi ya kalamu; masomo husimama, watoto huimba, picha hupigwa, wageni huondoka. Kalamu zina kazi yake, lakini kipindi kilichopotea hakirudi. Inafaa mwalimu mkuu na kamati ya shule wapange siku na saa za kupokea wageni, misaada ikabidhiwe ofisini, na picha ya mtoto isipigwe bila idhini. Wewe utakayeajiriwa karibuni huenda usiwe na kauli ya mwisho katika jambo hili, lakini unayo haki ya kulileta katika kikao cha walimu.

Upimaji

Usiulize, "Taja faida tatu za utalii." Uliza swali linalomtaka mtoto apime. Mathalani: "Hoteli mpya inataka kuchimba kisima karibu na kisima cha kijiji. Andika maswali matatu ambayo wanakijiji wamuulize mwenye hoteli kabla ya kukubali." Hakuna jibu moja lililo sahihi, toa alama kwa sababu zilizotolewa.

Hitimisho

Wahenga hao hao walisema pia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Katika utalii wa leo jembe hilo ni wajibu: kulipa haki, kutunza mahali, kuheshimu watu. Lakini hapana mgeni atakayelishika jembe ambalo mwenyeji hakumpa. Atakayempa kesho ni huyu mtoto aliyekaa leo katika dawati la mbele, akihesabu punje za mahindi na kukuta kwamba zilizobaki kijijini ni tatu.